Bei ya Krediti Si Bei ya Digrii: Kisa cha Shemeji na Vyuo Vitatu

Shemeji alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi tatu alizochapisha kazini, kila moja ya chuo kimoja cha mtandaoni, bei imezungushiwa kalamu nyekundu. Alikuwa amekwisha kuzipanga, rahisi juu, ghali chini. “Shemeji, mimi nimeshaamua cha juu,” akasema. “Nataka tu uniangalizie kama nimekosea mahali.”

Alikuwa amekosea, na si kwa uzembe. Aliuliza yale ambayo karibu kila mtu huuliza: krediti moja (kizio cha kupimia masomo) ni dola ngapi, na je, chuo kina ithibati, yaani kimekaguliwa na kuidhinishwa? Maswali yenyewe ni mazuri, ila yakiulizwa hivyo tu hayakupi jibu. Wiki sita baadaye karatasi ya juu ilikuwa kwenye pipa la taka, na ile ya chini, yenye krediti ghali kuliko zote, ndiyo iliyogeuka kuwa digrii ya bei nafuu. Naandika kisa chote na hesabu zake, kwa ridhaa yake. Majina ya vyuo hivyo vitatu nayaacha.

Mwenye kisa

Ana miaka 36, anaishi Marekani, ana kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu. Anafanya kazi ofisi ya bili ya kliniki: bima ikikataa kulipa dai, yeye ndiye hulifuatilia mpaka lilipwe au life. Miaka tisa iliyopita alisoma chuo cha jamii, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, akakusanya krediti 58. Kisha mtoto wa pili akazaliwa na masomo yakakatika. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, kwa hiyo alikuwa karibu na nusu ya njia, bila kujua kama nusu hiyo bado ina thamani.

Kilichomwamsha ni tangazo la kazi la ndani. Nafasi ya msimamizi wa kumbukumbu za wagonjwa ilitaka shahada ya usimamizi wa taarifa za afya, na mwenye cheti cha RHIA, kinachotolewa na chama cha fani hiyo kiitwacho AHIMA, angepewa kipaumbele. Mwajiri humrudishia mfanyakazi ada hadi dola 3,000 kwa mwaka. Mkopo shemeji hataki hata kuusikia. Muda alionao ni masomo mawili kwa muhula, usiku, watoto wakishalala.

Nikitazama nyuma, katika maelezo hayo yote neno RHIA ndilo lililokuwa zito kuliko mengine, na sote wawili tulilipita mbio.

Karatasi ya juu

Dola 4,900 kwa digrii nzima, miezi 12, na “uzoefu wako wa kazi ni krediti”. Chini ya ukurasa palikuwa na nembo ya dhahabu na maneno kwamba chuo kina ithibati ya kimataifa.

Wengi huishia kwenye nembo kwa sababu wanadhani ithibati inatoka serikalini. Marekani si hivyo. Wizara ya Elimu ya huko haiendi kukagua vyuo. Inavitambua vyombo vya ithibati, ambavyo ni vya binafsi, na vyombo hivyo ndivyo vinavyokagua. Baraza jingine lisilo la serikali, CHEA, lililoanzishwa 1996, nalo lina utaratibu wake wa kuvitambua. Sasa mjanja anaweza kufungua chombo chake, akakipa jina zito, kisha akakiidhinisha chuo chake mwenyewe. Ndiyo maana kuuliza “mna ithibati?” hakusaidii kitu. Uliza nani kawapa, na huyo aliyewapa anatambuliwa na nani.

Wizara ina hifadhidata ya bure mtandaoni, DAPIP, na CHEA ina yake. Tulitafuta jina la chuo, hakuna. Tukatafuta jina la chombo, hakuna. Tukafungua tovuti ya chombo chenyewe. Juu kabisa palikuwa na picha ya jengo lenye nguzo nyeupe, na shemeji akanyamaza kidogo. Akarudi kwenye tovuti ya chuo, akashuka mpaka chini. Jengo lilelile. Hata mwanamke mwenye mwavuli mwekundu kwenye ngazi alikuwa yuleyule.

“Basi,” akasema, akaikunja karatasi mara nne.

Biashara hii si ya vibanda viwili vitatu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na mamia ya tovuti, humo vyuo hewa na vyombo hewa vya kuviidhinisha. Mkaguzi na mkaguliwa walikuwa wakilala nyumba moja.

Karatasi ya katikati

Hii ndiyo iliyotuchukulia muda, kwa sababu chuo ni cha kweli. Kimo kwenye hifadhidata, chombo chake kinatambuliwa na Wizara, wanafunzi wake wanapata ruzuku ya serikali. Krediti dola 210. Shemeji alikuwa tayari kulipa ada ya maombi usiku uleule.

Nikamwomba asubiri. Zamani vyombo vya ithibati viligawanyika makundi mawili. Kulikuwa na vya kanda, kama Higher Learning Commission yenye makao Chicago, vilivyoidhinisha vyuo vikuu vya umma na vingi vya binafsi visivyotafuta faida. Na kulikuwa na vya kitaifa, vilivyoshughulika zaidi na vyuo vya ufundi, vya biashara na vya masomo ya masafa. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Wizara haivitofautishi tena. Kwenye karatasi mgawanyo umekufa. Kwenye madawati ya wasajili wa vyuo bado unapumua. Vyuo vingi vilivyozoea vyombo vya kanda husita kupokea krediti zilizotoka upande wa pili, na baadhi ya waajiri bado wana sera zilizoandikwa kwa lugha ya zamani. Si haki kila mara. DEAC, chombo cha upande huo wa pili ambacho kazi yake ni elimu ya masafa, kilianza 1926, na ni dhuluma kukitia kapu moja na watu wa nembo ya dhahabu. Lakini msajili anayezikataa krediti zako hakuulizi maoni yako kuhusu haki.

Tena ithibati ina tarehe. ACICS kilikuwa chombo kinachotambuliwa, na miongoni mwa vyuo kilivyoviidhinisha ulikuwamo mtandao wa ITT Technical Institute, uliofunga milango Septemba 2016 na kuwaacha makumi ya maelfu ya wanafunzi njiani. Chombo chenyewe kilinyang'anywa utambuzi, kikarudishiwa, kisha kikanyang'anywa tena Agosti 2022. Kwa hiyo tuliangalia pia ukaguzi unaofuata wa chuo cha shemeji ni lini, na kama kimewekwa chini ya uangalizi. Kilikuwa safi.

Ndipo akapiga simu, akaweka spika. Mshauri wa udahili alikuwa mchangamfu, akimwita kwa jina lake la kwanza kama waliocheza pamoja utotoni. Nafasi za muhula huu, akasema, zimebaki mbili tu. Shemeji akasoma swali nililomwandikia kwenye kikaratasi: katika krediti zangu 58, mtapokea ngapi?

“Nyingi sana, usiwe na wasiwasi.”

“Ngapi?”

“Inategemea. Ila sisi ni marafiki wa wanafunzi wanaohamia.”

“Unaweza kuniandikia kabla sijalipa?”

Hapo sauti ikapungua sukari. Tathmini ya krediti, akaeleza, hufanyika baada ya kujiandikisha. Shemeji akaaga kwa adabu zote. (Nami nilibaki najiuliza, chuo kisicho na darasa wala kiti, hizo nafasi mbili ni za kukalia wapi?)

Jibu tulilipata wenyewe kwenye mwongozo wa masomo wa chuo, faili la kurasa zaidi ya mia mbili ambalo matangazo hayalitaji: krediti za kuhamia hazizidi 30. Yaani krediti 28 za shemeji, karibu mwaka mzima wa maisha yake, zingeyeyuka. Nikachukua nyuma ya bahasha. Zinabaki 90 za kusoma, mara dola 210, ni 18,900. Kila somo lina tozo ya teknolojia ya dola 75, na krediti 90 ni masomo 30, kwa hiyo ongeza 2,250. Jumla dola 21,150.

“Hii tozo haikuwa kwenye tangazo,” akasema.

Haikuwapo. Ipo kwenye mwongozo, sura ya malipo, kwa herufi ndogo.

Lakini hesabu peke yake isingekiua chuo cha pili. Kilichokiua ni RHIA. Ithibati ya chuo kizima ni jambo moja, ithibati ya programu ni jingine. Kwenye uhandisi wanaulizia chombo kiitwacho ABET. Uuguzi una CCNE na ACEN. Usimamizi wa taarifa za afya una CAHIIM. Na AHIMA, kwa njia ya kawaida ya kufikia mtihani wa RHIA, inataka shahada kutoka programu iliyoidhinishwa na CAHIIM. Orodha ya CAHIIM iko wazi mtandaoni. Programu ya chuo cha pili haikuwamo. Mahali popote kwenye tovuti yao hawakudanganya. Walisema tu kwamba digrii “inakuandaa kwa taaluma ya taarifa za afya”. Neno “kukuandaa” limebeba mizigo mingi duniani.

“Yaani ningesoma miaka minne, halafu mlangoni waniambie siyo hii?”

“Wangekuambia digrii ni halali, shemeji. Ila siyo hii.”

Alikaa kimya muda. Hicho ndicho kipande cha kisa ambacho bado kinanisumbua, kwa sababu angeweza kukagua ithibati kwa uaminifu wote, akapata jibu sahihi, na bado akapotea.

Karatasi ya chini

Chuo kikuu cha umma cha jimbo, tawi la mtandaoni, ada moja kwa kila anayesoma mtandaoni, awe mkazi wa jimbo au la. Krediti dola 345. Programu imo kwenye orodha ya CAHIIM. Shemeji alikiweka chini kwa sababu 345 ni kubwa kuliko 210, na hesabu hiyo haina makosa.

Ofisi ya msajili ilikubali kufanya tathmini ya krediti kabla ya kujiandikisha, mradi apeleke transkripti rasmi, yaani rekodi ya masomo na alama zake. Transkripti ikagoma kutoka: chuo cha jamii kilikuwa kinamdai dola 140, faini za maegesho za miaka tisa iliyopita. Alilipa huku akicheka kwa hasira. Siku 11 baadaye barua ikaja. Krediti 56 kati ya 58 zimepokelewa. Mbili zilizokataliwa ni mazoezi ya viungo na kozi ya kuchapa kwenye kompyuta, ambayo ndiyo, kwa maneno yake, anayoitumia kila siku ya Mungu kazini.

Zikabaki 64. Mara 345 ni dola 22,080. Bado ni zaidi ya chuo cha pili, kwa dola 930. Ningeishia hapo ningemwambia lipa tofauti hiyo, RHIA ina thamani yake. Lakini barua ile ilikuwa na ukurasa wa pili, jedwali la masomo yaliyobaki, na mengi yalikuwa ya msingi tu: takwimu, anatomia, saikolojia, sosholojia. Masomo hayo hayana sababu ya kununuliwa kwa dola 345.

Chuo cha jamii cha karibu naye kinatoza dola 140 kwa krediti. Chuo kikuu kilikuwa tayari kupokea krediti nyingi za nje, alimradi angalau 30 ziwe zake chenyewe, sharti ambalo vyuo vingi vinalo kwa namna moja au nyingine. Tulimwandikia mshauri wa masomo tukitaja kila somo na namba yake, tukiuliza kama litahesabiwa, na tukasubiri jibu kwa maandishi. Hapo sikubali mkato. Mshauri akihama kazi, ahadi yake ya simu inahama naye. Barua pepe inabaki.

Jibu likaja: krediti 12 za chuo cha jamii sawa, na saikolojia na sosholojia anaweza kuzipata kwa mitihani ya CLEP ya College Board, krediti tatu kila mmoja. CLEP ni mtihani wa kuthibitisha kwamba somo unalijua bila kukaa darasani, na ada yake ilikuwa dola 97. Hesabu mpya ikawa hivi: krediti 12 za chuo cha jamii, dola 1,680. Mitihani miwili, 194. Krediti 46 zilizobaki kwa bei ya chuo kikuu, 15,870. Jumla 17,744.

Chuo cha krediti ya dola 345 kimekuwa rahisi kuliko cha dola 210 kwa zaidi ya dola 3,400. Shemeji alirudia kuzidisha mara mbili kwenye simu yake kabla ya kuamini.

Nikiri na kosa langu. Kabla ya barua ile kufika nilikuwa nimemsukumia Western Governors University, chuo kilichoanzishwa na magavana wa majimbo ya magharibi mwaka 1997. Hutoza ada moja kwa muhula wa miezi sita, usome mengi au machache, na programu yake ya taarifa za afya ina CAHIIM. Nilimwona kama amepata dawa. Kumbe mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko anatakiwa kubeba angalau uniti 12 (kipimo chao kinacholingana na krediti) kila muhula. Kwa mtu mwenye nafasi ya kukimbia, ni mpango mzuri sana. Kwa mtu wa masomo mawili usiku, ni kulipia basi zima uketi kiti kimoja. Nilikuwa nimechagua kwa ratiba yangu, si yake.

Pesa inatoka wapi

Kitabu cha wafanyakazi kilikuwa na aya moja kuhusu ada, na ilibidi tuisome polepole. Mwajiri halipi chuo. Anamrudishia mfanyakazi baada ya somo kuisha, akileta risiti na alama isiyopungua B, na mfanyakazi akiacha kazi ndani ya mwaka mmoja anarudisha. Maana yake kila muhula lazima shemeji awe na pesa mkononi kwanza. Akafungua akaunti ya pembeni, akaanza na dola 700, na kila marejesho yanarudi humo yakalipie muhula unaofuata. Dola 3,000 hizo hazikatwi kodi ya serikali kuu, kwa kuwa msamaha wa msaada wa aina hii unafika dola 5,250 kwa mwaka.

Kwa ratiba yake, krediti za chuo cha jamii zinaingia mwaka wa kwanza na mwajiri anarudisha zote, 1,680. Miaka mitatu inayofuata anarudisha 3,000 kila mwaka. Jumla 10,680. Kinachobaki kwa shemeji ni dola 7,064 zilizotandazwa katika miezi kama 42, wastani wa 168 kwa mwezi.

Kisha akajaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali kuu, ambayo mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuijaza na haina malipo. Ukiombwa hela ya kujaza, ondoka. Kiwango cha juu cha Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi, kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 7,395, lakini hicho ni cha asiye na kipato kikubwa na anayesoma muda wote. Yeye alipata kipande, kwa sababu ya mshahara na kwa sababu ya kusoma nusu muda. Na Pell haichukuliwi vyuo viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo alipanga amalize kwanza chuo cha jamii ndipo aingie chuo kikuu. Kipande si haba. Hakirudishwi.

Alipo sasa

Saikolojia alipita CLEP mara ya kwanza. Sosholojia alipata 47, na chuo kinataka 50. Sheria ya CLEP ni kusubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani uleule, naye alisubiri, akarudi, akapata 55. Wakati anasubiri alinitumia ujumbe saa sita usiku: “Shemeji, dola 97 zimeniuma kuliko uchungu wa kujifungua.” Masomo manne ya chuo cha jamii ameyamaliza, yote kwa B na kuendelea, na marejesho yameingia.

Ile nafasi ya msimamizi ilichukuliwa na mtu mwingine, aliyekuja na digrii tayari. Hilo nililitarajia, yeye pia. Kiongozi wake amemwambia idara itahitaji wa pili, hakusema lini. Muhula wa kwanza wa chuo kikuu umeanza, masomo mawili, na mojawapo ni la namna ya kuweka misimbo ya magonjwa, kazi ambayo makosa yake amekuwa akiyasafisha miaka yote hii kwenye madai yaliyokataliwa.

Mshauri wa chuo cha pili bado anapiga simu. Alhamisi iliyopita alimwambia nafasi zimebaki mbili.